Maswali ya urithi: Natchez hakuna kikao cha ukoo

*Baba mdogo kafia Natchez, jimbo la Mississippi, Marekani, hana wosia. Kaacha mke wa kule na watoto wawili wa ndoa yake ya kwanza Tanga. Sisi ukoo tunagawanaje?*

Hamgawani, hamumo. Nimeshajibu hili sijui mara ngapi. Mississippi mke anahesabiwa sawa na mtoto mmoja, kwa hiyo hapo ni theluthi kwa kila mmoja, na wa Tanga ni watoto kama wengine. Kaka na dada wanaingia pale tu ambapo hakuna mke, mtoto wala mjukuu. Halafu nyumba aliyoishi marehemu, mjane akibaki humo na hajaolewa tena hamwezi kulazimisha igawanywe bila yeye kukubali, kwa hiyo acheni kumpigia simu za vitisho.

*Mtoto wa nje ya ndoa je?*

Kwa mama anarithi bila maneno. Kwa baba lazima mahakama ithibitishe, na kama baba keshakufa ana mwaka 1 tangu kifo au siku 90 tangu wanaomdai marehemu watangaziwe, kipi kinatangulia. Mkisubiri arobaini kisha shangazi apate nauli, imekula kwenu.

*Wosia wa mkono bila mashahidi?*

Unakubalika, ila wote awe kaandika mwenyewe na kasaini. Wa kompyuta unataka mashahidi wawili.

*Mke wangu ni mweusi wa hukohuko Natchez. Shamba la babu yao halijawahi kugawanywa, binamu kauza fungu lake kwa kampuni na kampuni inataka lote lipigwe mnada. Inawezekana?*

Inawezekana, na ndivyo weusi wa Kusini walivyonyang'anywa ardhi miaka yote, babu hakuamini mahakama za wazungu (na alikuwa na sababu) akafa bila wosia, wajukuu wakawa wengi wametapakaa hadi Chicago, tajiri ananunua kafungu kamoja anakimbilia kortini. Tangu 2020 Mississippi ina sheria mpya: mahakama inathaminisha kwanza, na ndugu wana haki ya kununua fungu la huyo anayetaka mnada. Lakini muda wa kuamua ni mfupi. Tafuteni loya leo, sio mpaka mkutane Krismasi.

*Ni kweli Wanatchez wa asili walirithishana kwa mama?*

Kweli. Mtawala wao, Jua Kuu, alirithiwa na mtoto wa dada yake, Mmakonde anaelewa bila kuchorewa. Wachickasaw nao, wenyeji wengine wa asili wa kule, mke alikuwa na mali yake mbali na mume, na mwaka 1837 mahakama kuu ya Mississippi ikampa ushindi Betsy Love, mwanamke wa Kichickasaw, kwa mila hiyohiyo, mali yake isichukuliwe kwa deni la mume. Mwaka 1839 jimbo likatunga sheria ya mali ya wake. Msishangilie sana, mali iliyogombewa ilikuwa mtumwa.

*Nimetumiwa meseji WhatsApp nina urithi Mississippi, nilipe dola 300 za faili.*

Tapeli. Mblock.