Maikrofoni tatu za sanduku la babu

Swali: Assalamu alaikum, Fundi. Katika sanduku la marehemu babu yetu, aliyekuwa mpiga udi hapa Langoni, Lamu, tumekuta maikrofoni tatu za zamani. Ya kwanza ni ya chuma, ina mbavu za wima mbele, na imeandikwa Shure 55S. Ya pili ni ndogo, nyepesi, ya plastiki, nayo ilikuwa pamoja na rekoda ya kanda. Ya tatu ni nzito, haina jina, na ina wavu mbele na nyuma. Tuna miksa ndogo na kompyuta, na tungependa kurekodi udi na uimbaji. Je, tuziunganishe tu, au kuna la kutahadhari?

Jibu: Waalaikumu salamu, na Mwenyezi Mungu amrehemu babu yenu. Kabla ya kuunganisha chochote, tafuteni kwenye miksa yenu swichi iliyoandikwa 48V. Hiyo hupeleka umeme kwenye waya wa maikrofoni kwa ajili ya zile za kondensa, na hakuna hata moja kati ya tatu mlizonieleza inayouhitaji. Izimeni, kisha ngojeni kama dakika moja ili umeme uliosalia uishe.

Hiyo ndogo ya plastiki sitaizungumza sana. Nyingi zilizouzwa pamoja na rekoda za miaka ya 1950 na 1960 zilitumia kipande cha fuwele ya chumvi iitwayo Rochelle, ambayo huharibiwa na unyevu na pia na joto la nyuzi 55 hivi. Sanduku lililokaa miaka mingi karibu na bahari, tena chini ya paa la bati, haliachi fuwele ya namna hiyo ikiwa hai, na ikishakufa haitengenezeki. Iwekeni kwa kumbukumbu.

Shure 55S ni habari nyingine. Umbo hilo dogo lilitoka mwaka 1951, likifuata lile kubwa la 1939, na ndani yake mna koili na sumaku, vitu vinavyovumilia hewa ya chumvi kuliko tunavyodhani. Tafuteni swichi yake ndogo yenye herufi L, M na H, muiweke kwenye M kwa ajili ya miksa ya kisasa. Ikiachwa kwenye H, sauti hupotea kwenye waya mrefu na mvumo huongezeka. Plagi yake ya asili huenda isiwe ya XLR, yaani ile ya pini tatu ya maikrofoni za kisasa, kwa hiyo mwambieni fundi awatengenezee waya badala ya kukata ule wa zamani. Sponji au kitambaa kilicho nyuma ya mbavu, kikiwa kimeoza na kuwa unga, kiondolewe kwa brashi laini huku maikrofoni imeinamishwa kifudifudi, ili unga usiangukie kwenye kiwambo, ile ngozi nyembamba inayopokea sauti.

Sasa hiyo nzito, ambayo ndiyo iliyonifanya nijibu barua hii upesi. Wavu wa pande mbili na uzito huo vinanielekeza kwenye maikrofoni ya utepe, na mnaweza kuhakikisha bila kufungua hata skrubu moja: mmoja wenu aizunguke huku akizungumza kwa sauti ya kawaida. Ikiwa inasikia vizuri mbele na nyuma lakini ubavuni inakuwa kama kiziwi, basi ni ya utepe. Ndani yake, katikati ya sumaku kali, umening'inia ukanda wa alumini wenye unene wa maikroni chache tu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa mtu hufika maikroni 70 hivi. Msiipulize kuijaribu na msiipime kwa mita ya umeme. Mimi mwenyewe, hapa Malindi, niliwahi kuua utepe wa mteja kwa waya uliounganishwa vibaya pini moja huku 48V ikiwa imewashwa. Kilisikika kishindo kimoja, kisha kimya, na gharama ikawa yangu.

Kwa udi, utepe huo ukiwa mzima utawafaa kuliko maikrofoni nyingi mpya, kwa sababu hulainisha ule mkwaruzo wa risha, kile kijiti cha kupigia, kwenye nyuzi bila kuondoa uzito wa tumbo la chombo. Uwekeni umbali wa hatua moja hivi, ndani ya nyumba, kwani upepo wa kusi barazani unatosha kuuvuta ukalegea. Kumbukeni kwamba upande wa nyuma nao unasikia: tundikeni blanketi nyuma yake, au mkalisheni mwimbaji huko ili aelekeane na mpiga udi, nao wasogee au warudi nyuma mpaka sauti zao zilingane. Maikrofoni za namna hii hutoa sauti dhaifu, na miksa ndogo ikipandishwa hadi mwisho huenda ikaanza kuvuma. Hapo tafuteni kikuza sauti cha awali chenye nguvu ya desibeli 60 au zaidi.

Zihifadhini kwenye kisanduku kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu, kama vile vinavyokuja na viatu vipya, na ile ya utepe isimame wima, ifunikwe mfuko kila inapobebwa, na isilazwe kamwe juu ya meza ya fundi wa chuma, kwa kuwa sumaku yake huvuta vumbi la chuma hadi kwenye utepe wenyewe.