Taa ya onyo ikizima yenyewe, bado iandike

Tulikuwa tumeshaipita Kilwa, tunajiandaa kushuka Mtwara, taa nyekundu ya presha ya oili ya injini ya kulia ikawaka. Kengele ikalia. Sekunde kama nne, ikazima. Ikawaka tena, safari hii ikakaa zaidi, halafu kimya.

Nilikuwa rubani msaidizi, mwaka wangu wa pili kwenye ndege za pangaboi, na mkono ulishaanza kwenda kwenye levaa ya injini. Kapteni akasema taratibu: "Tulia, mdogo wangu. Nani anarusha ndege?"

"Mimi, kapteni."

"Basi rusha. Hii niachie."

Kwa vijana mnaoanza kazi hii, maneno hayo yashikeni. Taa ikiwaka, mmoja anabaki na ndege, macho kwenye kimo, mwendo na mwelekeo. Mwingine anashughulika na taa. Desemba 1972, karibu na Miami kule Marekani, marubani wa ndege kubwa ya abiria walikazana na balbu ya kuonyesha kwamba gurudumu la mbele limeshuka. Gurudumu lilikuwa zima. Hakuna aliyeona kwamba ndege inapoteza kimo, na watu wapatao 100 walikufa.

Kapteni alinyamazisha kengele, akaisoma taa kwa sauti, akanionyesha geji kwa kidole. Presha ilikuwa palepale ilipokuwa tangu Dar. Joto la oili halijapanda, injini haitetemeki. Kwenye ndege ile taa na geji hupata habari kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo mmojawapo alikuwa anatudanganya. Hapo ndipo unapofungua cheklisti, ile orodha ya hatua za kufuata, hata kama unaikumbuka yote. Yetu ilisema presha ikiwa kawaida usizime injini, iangalie. Ningefuata mkono wangu, ningezima injini isiyo na tatizo juu ya bahari. Tukawaarifu mnara wa Mtwara kwamba tuna taa ya injini tunayoifuatilia, hatutangazi dharura. Gari la zimamoto lilikuwa limeshasogea tulipogusa ardhi.

Sasa kazi ngumu kuliko yote, ambayo ni kalamu.

Abiria wa kurudi Dar walikuwa wamejaa ukumbini na mabegi yao, na Mtwara hatukuwa na fundi. Hitilafu ikishaingia kwenye daftari la kiufundi, ndege haitoki mpaka fundi mwenye leseni aishughulikie na kutia sahihi, au iwe kwenye ile orodha ya vifaa ambavyo vikiharibika bado unaruhusiwa kuruka kwa masharti na kwa siku zilizowekwa. Taa ile haikuwemo. Mimi ndiye niliyesema, na naliandika hapa kwa sababu najua wengi mnalisikia: "Kapteni, imezima yenyewe. Tuandike tukifika Dar."

Hakunigombeza. Alinipa daftari na kalamu. Kisha akaenda ukumbini mwenyewe, akawaambia abiria kuna taa ya injini, hatuondoki leo, poleni sana. Baba mmoja alikuwa anawahi maziko ya mdogo wake Dar. Alilia kwa hasira mbele yetu, na sikuwa na la kumwambia. Hadi leo namkumbuka. Lakini huyo baba alikuwa apande ndege hiyohiyo.

Nilichoandika mara ya kwanza ni kwamba taa ya oili ya injini ya kulia imewaka. Basi. Fundi alipofika jioni, akasoma, akaniuliza kwa upole: mara ngapi? Kwa muda gani? Mkiwa kimo gani, mnashuka au mmetulia? Geji ilisomaje? Mligusa nini? Majibu yote nilikuwa nayo kichwani, na fundi hafungui kichwa cha rubani. Akaifungua injini, akachomoa plagi ya swichi ya presha inayowasha taa ile, akanionyesha kwa tochi: pini mbili zimeota kutu ya kijani. Chumvi ya bahari na unyevu, na mtikisiko kidogo tu ukakata mguso. Alibadilisha, tukawasha injini, tukaipima pale chini, akatia sahihi. Tuliondoka asubuhi.

Kwa hiyo andika ulichokiona, usiandike unachokidhania. "Sensa mbovu" ni hukumu ya fundi. Na andika vyote. Oktoba 28, 2018, ndege ya Lion Air iliruka kutoka Denpasar kwenda Jakarta huku usukani wa kapteni ukitetemeka kuonya kwamba mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege hewani. Marubani waliimudu. Kwenye daftari wakaandika kutolingana kwa vipimo vya mwendo na kimo, pamoja na taa moja; mtetemeko ule hawakuuandika. Asubuhi yake ndege ileile iliondoka na wengine, watu 189 wakafa.

Nje ya daftari kuna ripoti ya usalama ya kampuni, na matukio mazito lazima yafike TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Ijazeni siku hiyohiyo, kumbukumbu ikiwa bado mbichi. Mimi hubana karatasi kwenye paja: taa ikiwaka naandika saa na kimo, mwenzangu akiwa amebaki na ndege. Na nikikabidhi ndege kwa wenzetu, namsubiri rubani anayeingia pale kwenye ngazi, namfungulia ukurasa, namsomea kwa mdomo, hata kama fundi ameshatia sahihi.