Tiba ya mazungumzo na kupunguza dawa: maswali yenu

Nimeanza tiba ya mazungumzo wiki tatu zilizopita na nina nafuu kubwa. Je, niache vidonge vya sonona?

Bado. Huenda vidonge hivyo ndivyo vinavyokupa nguvu ya kuketi mbele ya mtaalamu na kuyakabili yanayokuumiza. Kwa kawaida dawa huendelezwa kwa angalau miezi 6 baada ya dalili kuisha. Tena, ukibadilisha mawili kwa pamoja na hali ikaharibika, hutajua ni lipi lililokuangusha.

Kuna ushahidi kwamba mazungumzo huweza kushika nafasi ya dawa?

Upo, ila usomwe kwa makini. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watu 424 waliokuwa wakiugua sonona mara kwa mara. Baadhi waliendelea na dawa, na wengine walifundishwa kuyatazama mawazo yao bila kuburutwa nayo, huku wakisaidiwa kupunguza dozi. Katika miezi 24 ugonjwa uliwarudia asilimia 47 ya kundi la kwanza na asilimia 44 ya kundi la pili. Mwaka 2021 ulitoka utafiti mwingine wa watu 478, usiokuwa na mafunzo hayo: kati ya walioachishwa dawa hatua kwa hatua, asilimia 56 waliugua tena ndani ya mwaka, dhidi ya asilimia 39 ya walioendelea nazo. Washiriki hawakuwa walewale, kwa hiyo nisingezipambanisha tafiti hizi moja kwa moja.

Nilipopunguza dozi nilihisi kama umeme unapita kichwani. Sonona imerudi?

Pengine sivyo. Dalili za kupunguza dawa huzuka ndani ya siku chache, zikiambatana na kizunguzungu au ndoto kali, ilhali sonona kwa kawaida hurudi taratibu, kwa wiki kadhaa. Mweleze daktari, na uandike kila siku dozi, usingizi na hali ya moyo. Fahamu pia kwamba kushuka kutoka miligramu 5 hadi sufuri mara nyingi husumbua kuliko kutoka 20 hadi 10, kwa sababu hata dozi ndogo hufanya kazi kubwa ubongoni.

Ni hivyo hivyo kwa dawa nyingine?

Hapana. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, iliyotumiwa kwa muda mrefu ikiachwa ghafla huweza kuleta degedege, ingawa mazungumzo husaidia sana katika kuipunguza polepole. Kwa lithiamu, dawa ya ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, kuacha ghafla huweza kuamsha wazimu wa furaha iliyopitiliza. Hapo mazungumzo ni nyongeza, si mbadala.