Umeshinda Kesi, Mbona Hujalipwa?

Nilishinda kesi ya madai mahakama ya wilaya mwaka 2021. Mdaiwa hajatoa hata senti. Mahakama inasubiri nini? (Morogoro)

Inakusubiri wewe. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Hakimu akishasoma hukumu hatoki kwenda kukudaia. Chukua nakala ya hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu), peleka maombi ya kukaza hukumu, yaani itekelezwe kwa nguvu ya sheria, utaje kinachokamatwa: gari namba fulani, kiwanja kitalu fulani, akaunti benki fulani. "Ana mali nyingi" haimsaidii dalali wa mahakama, anayetumwa kukamata mali. Sheria inakupa miaka 12, lakini mdaiwa mjanja huanza kuandikisha mali kwa jina la shemeji siku ileile ya hukumu.

Amekata rufaa. Nisubiri? (Tanga)

Hapana. Rufaa peke yake haisimamishi kitu. Mpaka apate amri ya kusimamisha utekelezaji.

Nyumba yake je? (Mwanza)

Anamoishi na mkewe na watoto wanaomtegemea, sahau. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai kinailinda, pamoja na sufuria, matandiko na zana za fundi. Ya kupangisha, haya. Ila wakopaji msichangamke: nyumba uliyoweka rehani benki ni habari nyingine.

Naidai halmashauri. Dalali anagoma kukamata gari lao. (Dodoma)

Yuko sahihi. Mali ya serikali haikamatwi, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2020 halmashauri nazo zimo. Unapewa cheti cha mahakama, unakiwasilisha, unangoja walipe. Mwenye genge anabebewa friji kwa deni dogo, serikali inaombwa kwa barua! Na si hukumu za pesa tu zinazosubirishwa na serikali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa ridhaa ya mzazi, vinakiuka Katiba. Ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa Mahakama ya Rufani Oktoba 2019. Mwaka mmoja wa kurekebisha nao ukapita, vifungu vikabaki vilevile. Halafu tunamshangaa mpangaji anayechana amri ya mahakama.

Nimepata vijana wa kumtoa mpangaji kwa nguvu. Hukumu si ninayo? (Temeke)

Mtalala mahabusu pamoja. Anayetoa mtu ni dalali wa mahakama mwenye hati ya mahakama. Iombe uione kabla hujamlipa chochote.