Usilipie hilo friza la samaki! Jibu kwa anayefungua kibanda cha aiskrimu Nyegezi

Usilipe. Salamu tutapeana baadaye, kwanza usilipe.

Umeandika kwamba unafungua kibanda cha aiskrimu karibu na stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza. Umeuliza ladha zipi zinatoka, mzigo uchukue wa kampuni ipi na koni uuze bei gani. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo tu, ukagusia kwamba umepata friza la mtumba Kirumba kwa 480,000, lilikuwa la samaki, na mwenye nalo amekugandishia chupa ya maji mbele ya macho yako ukaridhika. Wachangiaji wote wamekimbilia ladha. Huyu vanila, yule stroberi, mwingine anasifia embe. Hakuna hata mmoja aliyesimama kwenye ile chupa ya maji. Mimi chupa ile naijua, mdogo wangu. Ilinitoa shilingi 1,650,000.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Idi el-Fitri ya 2022. Nilikuwa na kiduka cha vinywaji Mabatini, na kila sikukuu nilikuwa nawaona watoto wanapita na nguo mpya na hela za mkono wa Idi wameshika kiganjani, wanatafuta aiskrimu, wananipita. Nikasema mwaka huu hawapiti. Nikapata friza la kulala, kubwa, jeupe, kwa 520,000. Mwenye nalo alikuwa na maneno matamu kuliko mzigo wenyewe: "Dada, hili limegandisha sangara wa kilo kumi na tano akawa gogo. Aiskrimu laini hivi italishinda?" Akatia chupa ya maji jioni, asubuhi akaitoa, akaigonga ukutani ikalia ko! Nikalipa, nikakodi kirikuu, nikaondoka nalo nikimshukuru.

Sasa nikueleze ile chupa inathibitisha nini. Maji huganda kwenye sifuri. Yakiganda umejua jambo moja tu, kwamba friza limefika chini ya sifuri. Samaki naye hana shida, akifika nyuzi tano chini ya sifuri ukimgonga anasikika kama ubao. Aiskrimu ina sukari, na sukari inayakatalia maji kuganda. Haianzi hata kuganda mpaka ipite kama nyuzi mbili chini ya sifuri, na ikiwa kwenye sita chini ya sifuri karibu nusu ya maji yake bado hayajaganda. Huo ndio ubaridi wa ile laini inayochuruzika kwenye mashine ya koni, ambayo unaila papo hapo. Ya ndoo na ya vikombe inataka nyuzi 18 chini ya sifuri, mchana na usiku. Friza langu, nilipokuja kulipima baadaye, mchana lilikuwa linasoma saba chini ya sifuri. Kwa sangara linatosha kumlaza siku mbili tatu akingoja gari. Kwa vanila ni msiba.

Mzigo ulinigharimu 1,130,000. Ndoo za lita tano za vanila, stroberi na chokoleti, vikombe, koni za karatasi, vyote kwa mpigo mmoja, maana niliambiwa sikukuu bei ya jumla inapanda. Nikajaza friza mpaka kwenye ukingo. (Na hilo nalo ni kosa, ukijaza mpaka juu hewa baridi haizunguki, ila tuliache.) Umeme haukukatika hata dakika moja. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia hukimbilia kuulaumu umeme, na siku ile umeme ulikuwepo muda wote.

Saa nne asubuhi ya Idi watoto wamejipanga. Nikafungua ndoo ya kwanza, nikatia kijiko cha kuchotea, kikazama kama kwenye uji. Nikampigia fundi wa mafriji aliyelikagua friza siku ninalinunua. Fundi huyu, Mungu amwongoze, akaniambia niende mwaloni, kule samaki wanakoshushwa na kuuzwa, ninunue barafu ya samaki nijaze humo katikati ya ndoo, "itasaidiana na mashine". Nikatuma bodaboda. Nikamwaga viroba viwili vya barafu iliyopondwa. Hebu fikiri: barafu inayochuruzika maji iko kwenye sifuri. Friza lilikuwa chini ya sifuri. Kwa hiyo mimi, kwa ushauri wa mtaalamu niliyemlipa 20,000, nilikuwa naipasha moto aiskrimu yangu kwa barafu. Kama kuna anayetaka kucheka acheke sasa, maana yanayofuata hayachekeshi.

Alikuwepo mtoto wa miaka kama sita, gauni la kijani lenye vifungo vya lulu, hina mpaka kwenye kiwiko. Nikamchotea vanila kwenye kikombe, imelegea lakini nikajipa moyo. Akalamba mara moja. Akasimama. Akaitema kwenye kiganja kile chenye hina, akamgeukia mama yake akasema, bila kunong'ona: "Mama, inanuka samaki."

Na ilikuwa inanuka kweli. Mafuta ya maziwa yananyonya harufu haraka sana, na friza lile lilikuwa limelala na sangara miaka mingi, harufu imeingia kwenye raba ya mfuniko na kwenye kona ambazo sabuni haifiki. Nililiosha mara tatu kwa sabuni na ndimu kabla ya kulijaza. Likiwa tupu, baridi, halikunuka kitu. Nilipozirudisha hela za watu watano waliokuwa wameshalipa, foleni ilikuwa imeshavunjika.

Usiku, baada ya purukushani ya kufunguafungua kuisha, ile iliyobaki ikashikana tena. Asubuhi nikafunua ndoo ya chokoleti ambayo jana sikuigusa kabisa. Ilikuwa imeshuka karibu nusu! Nilimshika mwanangu nikamuuliza nani kala, mtoto wa watu akalia bure. Hakuna aliyekula. Aiskrimu ina hewa iliyopigwa ndani yake kiwandani, kwenye aina nyingi za bei ya kawaida hewa ni karibu nusu ya ujazo. Ikiyeyuka hewa inatoka, ikiganda tena hairudi. Kilichobaki ni sahani ngumu yenye chenga, ukiitafuna inasaga kama mchanga wa ziwa, kwa sababu vipande vidogo vya barafu vimeyeyuka na kugandia kwenye vikubwa.

Fundi yule yule akaniambia niisage upya, niigandishe kwenye vifuko, niwauzie watoto wa shule kama lambalamba. Hapo ndipo nilipomkatia simu, na mpaka leo sijamsamehe. Kugandisha hakuui vijidudu. Vilivyozaliana wakati maziwa yamekaa vuguvugu vinalala tu, vikiingia tumboni vinaamka, na sumu ya baadhi yao haitoki hata ukiichemsha. Watoto wa shule! Nilichimba shimo nyuma ya nyumba nikamwaga ndoo baada ya ndoo, jirani yangu amesimama ukingoni ananiuliza kama nimefiwa.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nitaisema mpaka unichoke: nunua kipimajoto kwanza. Kile cha friza, kinachosoma chini ya sifuri, changu nilikipata kwa 15,000. Kabla ya friza, kabla ya bango, kabla ya kuchagua ladha. Kiweke katikati ya friza, weka na chupa kadhaa za maji ya chumvi ili lisipimwe likiwa tupu, uache saa 24. Usome saa nane mchana bati la kibanda likiwa limewaka, usome tena saa mbili usiku watu wote wakiwa wamewasha majiko na pasi na umeme umepungua nguvu. Nyakati zote mbili kisome 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Kikisoma 12, ondoka. Kikisoma 15 na mwenyewe anakwambia "likijaa litashuka", ondoka haraka zaidi, kwa sababu likijaa na kufunguliwa kila dakika litapanda. Muuzaji akikataa ulipime siku nzima, amekwisha kukujibu.

Friza nililonalo sasa ni jipya, nililinunua kwa mkopo wa kikundi. Nimeliacha mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, lina stebilaiza ya kutuliza umeme, na kipimajoto kimefungwa kwa uzi kwenye kikapu cha ndani. Kila nikifungua nakitazama kwanza kabla ya kumtazama mteja. Jana kilisoma 21 chini ya sifuri.

Na umeme ukikatika? Barafu ya samaki inafaa, ila kwa chumvi. Hili nilifundishwa na mzee mmoja anayeuza barafu mwaloni, siyo na fundi. Ponda barafu, changanya na chumvi ya mawe, kilo tatu za barafu kwa kilo moja ya chumvi, baridi inashuka mpaka karibu nyuzi 20 chini ya sifuri. Nilipima mwenyewe, sikuamini macho. Ndivyo aiskrimu ilivyotengenezwa kabla ya mafriza kuwepo. Mashine ya mkono aliyoisajili Nancy Johnson kule Philadelphia mwaka 1843 ilikuwa ndoo ya barafu na chumvi na mpini wa kuzungusha. Funga mchanganyiko kwenye mifuko isiyovuja, uipange juu ya mzigo kwa sababu baridi inashuka, funika kwa blanketi na usifungue. Saa tatu unazivuka.

Ladha: vanila ndiyo itakayokulipia kodi, Nyegezi au popote. Chukua ndoo mbili za vanila kwa moja ya kila nyingine. Stroberi watoto wanainunua kwa rangi. Lambalamba za ukwaju na pasheni zinatoka sana wakati wa jua kwa abiria wanaosubiri basi, na zenyewe hazina maziwa, kwa hiyo kwa kuanzia zina nafuu. Ukitaka siku moja kutengeneza ya kwako, vanila halisi inalimwa hapo Kagera, ua lake linachavushwa kwa mkono moja moja, ndiyo maana ni ghali, na ndiyo maana ile ya ndoo nyingi ni harufu ya kiwandani.

Kampuni: Azam inajulikana hata kwa mtoto asiyejua kusoma, anza nayo. Usibabaishwe na majina ya kigeni; Häagen-Dazs ni jina la kubuni lililoanzia New York, halina maana katika lugha yoyote. Geuza kopo usome kama mafuta ni ya maziwa au ya mimea. Marekani vanila ikiwa na mafuta ya maziwa chini ya asilimia 10 hairuhusiwi kuitwa aiskrimu tu, bila kuandikwa kwamba mafuta yamepunguzwa. Lakini popote utakapochukua mzigo, ingia na kipimajoto chako mfukoni uombe kupima friza lao la jumla. Kama kwao imeshayeyuka mara moja, wewe utauza chenga hata friza lako liwe la dhahabu. Tikisa kikombe sikioni: kikigonga ndani, iliyomo imeshanywea.

Umesema mwenye friza anataka hela Jumamosi. Leo ni Alhamisi, muda unao. Nunua kipimajoto kesho asubuhi, nenda nacho Kirumba, kiache humo mpaka Jumamosi, na ukifika uinamishe pua kwenye raba ya mfuniko. Kisha rudi hapa uniandikie namba uliyoiona saa nane mchana. Nitakuwa nimekaa nasubiri.