Nina miaka 48: nirudi uwanjani au nibaki na bao?

SWALI: Mimi ni mhasibu hapa Tanga mjini, nina umri wa miaka 48. Ujanani nilicheza namba sita, kisha kazi na malezi vikaniweka kitini kwa miaka 20. Hivi karibuni nilijiunga na timu ya maveterani ya mtaani kwetu, na katika mchezo wa kwanza, hata nusu saa haijafika, msuli wa nyuma ya paja ulinishika nikifukuzia mpira. Ni wiki ya tatu sasa nachechemea. Mke wangu anasema mpira ni wa vijana, nitosheke na bao barazani. Naomba ushauri.

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa maumivu. Miaka 48 peke yake si sababu ya kuacha mpira. Tatizo ni kwamba uliingia uwanjani na mbio za ujana ilhali miguu imezoea kiti. Misuli huanza kupungua taratibu baada ya miaka 30, na hupungua zaidi kwa asiyeitumia. Huo wa nyuma ya paja huteswa hasa na mbio za ghafla, kwa kuwa mguu unaporushwa mbele, msuli hulazimika kujikaza wakati uleule unaovutwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mchezo mmoja wa mwisho wa wiki haufikishi kiasi hicho, kwa hiyo kazi yako kubwa iko katika siku za katikati. Nawe unaishi katika mji tambarare, ambao watu wake hawajawahi kuionea haya baiskeli! Mguu ukitulia, nenda nayo kazini, au jioni tembea hadi Raskazone kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Mara mbili kwa wiki lala chali, kunja magoti, inua kiuno, hesabu hadi tano, kisha kishushe polepole.

Usiguse mpira hadi uweze kutembea haraka bila maumivu, kisha kukimbia taratibu, kisha kukimbia kwa kasi bila kuufikiria mguu. Hatua hiyo ya mwisho wengi huiruka, na msuli uliochanika ni mwepesi kuchanika tena. Kwa kuwa bado unachechemea, muone daktari aukague, na hapohapo upime shinikizo la damu na sukari. Ukibanwa na kifua au ukipata kizunguzungu mazoezini, acha mara moja utafute matibabu.

Shemeji hajakosea kulisifu bao. Kukokotoa kete 64 katika mashimo 32, huku umezungukwa na marafiki, ni starehe ya akili ambayo nisingependa uikose, ila haiingii katika zile dakika 150. Nenda barazani kwa baiskeli. Na siku ya kurudi uwanjani, pasha mwili moto kwa robo saa, kisha mwombe nahodha akuingize dakika 15 za mwisho tu.