Jim Reeves na Patsy Cline hawakuimba pamoja

Mwanangu mpendwa,

Pesa ya dawa imefika, Mungu akuzidishie. Sasa nijibu swali lako. Unasema kijana mmoja wa ofisini kwenu amekucheka ulipomwambia kwamba mama yako ana kaseti ya Jim Reeves na Patsy Cline, wale waimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani, wakiimba pamoja. Eti hao wawili hawakuwahi kurekodi wimbo mmoja wakiwa hai. Huyo kijana yuko sahihi, na kaseti yangu ni ya kweli pia.

Patsy alikufa Machi 1963, ndege ndogo ilipoanguka karibu na Camden, Tennessee. Jim akamfuata Julai 31, 1964. Alikuwa akirusha ndege yake mwenyewe kurudi Nashville pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel, wakakutana na mvua ya radi karibu na Brentwood. Watu walitafuta siku mbili ndipo wakawapata. Jim alikuwa na miaka 40.

Wimbo uliomo kwenye kaseti yangu, Have You Ever Been Lonely, ulitoka 1981. Kila mmoja wao alikuwa ameurekodi peke yake zamani. Studio za Nashville enzi hizo zilitumia tepu ya njia tatu, na sauti ya mwimbaji ingeweza kukaa kwenye njia yake yenyewe. Owen Bradley, prodyuza wa Patsy, akazichomoa zile sauti mbili, akaviondoa vyombo vya zamani, akazioanisha mwendo, kisha wanamuziki wakapiga upya. Mimi nikitega sikio nasikia mshono, ila wimbo naupenda vivyo hivyo.

Halafu ujue Jim mwenyewe alianza kwa kuimba kwa nguvu kama wenzake wote wa kantri. Alikuwa kijana wa shamba kutoka Panola County, Texas, akicheza besiboli mpaka akaumia mguu. Akaingia kwenye utangazaji wa redio, akafika Shreveport, Louisiana, na mwaka 1953 Mexican Joe ukamtoa. Usikilize huo na hutaamini ni yeye! Ni mwaka 1957, kwenye Four Walls, ndipo aliposogea hadi mdomo karibu uguse maikrofoni, akashusha sauti. Chet Atkins, aliyesimamia rekodi za RCA, kampuni ya Jim ya santuri, huko Nashville, aliuona wimbo ule unamfaa mwanamke. Jim akashikilia msimamo wake.

Baadaye ukaja He'll Have to Go. Mwanamume yuko baa, anampigia simu mpenzi wake, anajua kuna mwingine pale pembeni yake. Mtu wa namna hiyo hawezi kupaza sauti, na Jim hakupaza. Kampuni iliuweka upande wa pili wa santuri. Watangazaji wakaigeuza, na 1960 ukapanda hadi namba mbili kwenye chati kuu ya Marekani. Sisi tuliosoma Kiingereza cha mwalimu na chaki tulimpendea hapo hapo: kila neno linasikika, hakuna linalomezwa. Ndiyo maana nyumba nyingi huku kwetu zinamjua Jim kuliko waimbaji wenye majina makubwa zaidi.

Kuna jambo lake moja ambalo silipendi, nalo sitakuficha. Mwaka 1962 alikwenda kuimba Afrika Kusini, mwaka uleule Mandela alipokamatwa, na baadaye akarekodi nyimbo za Kiafrikana na kuigiza filamu huko, Kimberley Jim. Makaburu walimshangilia sana. Wapo wanaosema alikuwa mwanamuziki tu, si mwanasiasa. Mimi naona alikuwa na macho.

Alipokufa, mjane wake Mary ndiye aliyebaki na mzigo. Jim aliacha tepu nyingi, nyingine za majaribio tu. Distant Drums aliurekodi kama sampuli kwa ajili ya mtunzi wake, Cindy Walker. Wakaongeza okestra juu yake, na 1966 ukakaa namba moja Uingereza wiki tano, mwenyewe yuko kaburini miaka miwili tayari. Nyimbo zake sita zilifika namba moja kwenye chati za kantri baada ya kifo chake. Wengine walimwona Mary anachuma kwa marehemu. Mimi simlaumu, kazi ya mumewe angemwachia nani?

Ulitaka pia kujua kama hiyo ni sawa na hizi kompyuta za sasa zinazowaimbisha wafu. Hapana. Kompyuta inamtilia mtu kinywani maneno asiyoyatamka. Jim na Patsy waliimba wenyewe kila neno unalolisikia, ila hawakuwa chumba kimoja. Mwambie huyo kijana hivyo, na akibisha tena umpe Distant Drums aisikilize, akuonyeshe okestra iliongezwa wapi.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako